Kumuaga grehaundi uliyemlea: mwongozo tangu mguu unapochechemea hadi majivu yanaporudi nyumbani

Grehaundi anayestaafu mbio Uingereza au Ireland mara nyingi huingia nyumbani kwa mtu akiwa na umri wa miaka 3 hadi 5. Wengi huishi mpaka 11 au 12, wachache hufika 14. Piga hesabu mwenyewe: ni miaka saba au minane ya kuegemewa mapajani na mbwa wa kilo 30 asiyependa kukaa kitako. Mwongozo huu unahusu mwisho wa miaka hiyo. Nauandika kwa Waswahili wenzangu tunaoishi Uingereza, kwa kuwa ni huku tulikokutana na mbwa hawa, na taratibu nitakazozitaja ni za huku. Walioko Marekani, ambako wapiga kura wa Florida waliamua mwaka 2018 kuzima mbio hizo na mbwa wengi wakahitaji makwao mapya, watakuta habari za mwili ni zile zile. Sheria tu ndizo waulize upya.

Msimamo wangu nautanguliza: kazi kubwa ya kumuaga grehaundi, yaani daktari wa mifugo kumkatisha maisha kwa sindano ili asiteseke, hufanyika kabla ya siku yenyewe. Watu husema "mbwa wako atakuambia wakati ukifika." Kwa mbwa huyu sikubaliani na maneno hayo, na hatua ya kwanza inaeleza kwa nini.

Hatua ya 1: Jifunze anavyoficha maumivu

Grehaundi ana tabia mbili zinazopingana. Ukimkanyaga kidogo kidoleni, au ukikata ukucha ukagusa nyama, hupiga ukelele wa kuamsha mtaa mzima. Lakini maumivu ya ndani, yale ya kila siku, huyabeba kimya na mkia bado unatikisika ukirudi kutoka kazini. Kwa hiyo usipime kwa kelele zake. Pima kwa mazoea yake.

Andika mazoea hayo mapema, angali mzima. Analala vipi? Wengi hulala chali, miguu minne ikiwa hewani kama meza iliyopinduliwa. Mbwa aliyelala hivyo kwa miaka akaacha ghafla, mgongo au mguu wake una neno. Anagonganisha meno kwa furaha ukishika kamba ya kutembelea? Anaruka mwenyewe kuingia garini? Anazunguka mara ngapi kabla ya kulala? Dalili za kutazama ni kuhema akiwa ametulia na hali ya hewa si ya joto, kutetemeka chumba kikiwa na joto, kuhamahama usiku kutoka godoro hadi godoro, na kusimama muda mrefu kwa kuogopa kujilaza. Hamu ya chakula huwa ya mwisho kuondoka kwa wengi wao, kwa hiyo usijifariji na bakuli tupu.

Hatua ya 2: Mguu ukichechemea, usihukumu kabla ya picha

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo uamuzi mwingi unapozaliwa.

Saratani ya mfupa huwapata grehaundi kuliko mbwa wa aina nyingi, na ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vyao. Huja zaidi wakiwa wameshavuka miaka 7 au 8. Hupenda miguu: juu karibu na bega, chini ya mguu wa mbele karibu na kifundo, na kuzunguka goti la nyuma. Mwanzoni mbwa huchechemea, unampa dawa ya maumivu aliyoandikiwa, anapona kwa wiki mbili, kisha anarudia. Kurudia huko ndiko kunakotakiwa kukupeleka kwenye eksirei. Usikubali wiki sita za kujaribu vidonge bila picha kwa mbwa wa miaka 9.

Lakini si kila kuchechemea ni msiba. Grehaundi huota sugu kwenye nyayo, hasa vidole viwili vya katikati vya miguu ya mbele. Mwenye sugu hutembea vizuri kwenye nyasi na kuchechemea kwenye lami. Lowesha wayo kwa maji uangalie kwenye mwanga, mara nyingi utaona kiduara kigumu chenye rangi tofauti na ngozi inayokizunguka. Hilo ni tatizo la kuudhi, linatibika au linavumilika, na hakuna anayeaga mbwa kwa sugu. Vivyo hivyo mishipa ya fahamu ya kiunoni hubanwa uzeeni: kucha za nyuma zinakwaruza barabara, mkia hauinuki vizuri, kupanda gari kunakuwa shida. Hilo nalo lina dawa na sindano za kumpa miezi mingi mizuri.

Ikiwa picha imeonyesha saratani, daktari wa mifugo atakuelezea njia tatu. Ya kwanza ni kukata mguu na kufuatisha tibakemikali. Kwa njia hii nusu ya mbwa huwa bado hai baada ya takriban miezi 10 hadi 12. Ya pili ni kukata mguu peke yake, na hapo nusu yao huwa bado hai baada ya miezi 4 au 5 hivi, kwa sababu mara nyingi ugonjwa huwa umeshatuma mbegu mapafuni hata kama picha ya kifua ni safi. Grehaundi wengi huyamudu maisha ya miguu mitatu kuliko unavyofikiri. Ya tatu ni dawa za maumivu tu na kuaga mapema. Hakuna njia ya aibu kati ya hizo tatu. Ukichagua ya tatu, kumbuka jambo moja: mfupa ulioliwa unaweza kuvunjika kwa kitendo kidogo tu, kushuka ngazi moja au kumkimbilia kindi bustanini. Ukivunjika, kuaga kunakuwa kwa usiku ule ule, kwenye kliniki ya dharura, pamoja na daktari msiyejuana. Kwa hiyo anayechagua njia hii achague na siku pia.

Na vidonge vya binadamu vikae kabatini. Ibuprofen inaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo. Dawa yoyote nyingine ni kwa maandishi ya daktari na uzito wa mbwa.

Hatua ya 3: Majibu ya damu yasikutishe peke yake

Damu ya grehaundi mzima huonekana mgonjwa kwa vipimo vya mbwa wa kawaida. Chembe nyekundu zake huwa nyingi, mara kwa mara asilimia 50 hadi 65 ya damu yake. Chembe nyeupe na zile za kugandisha damu huwa chache. Homoni ya tezi ya shingo huwa chini sana, na kreatinini, ambayo hutumika kupimia figo, huwa juu kidogo kwa sababu ya wingi wa misuli. Moyo wake ni mkubwa na mara nyingi una mlio usio wa hatari.

Daktari akikuambia "figo zimeanza" au "tezi imekufa", muulize kwa adabu: je, haya ni majibu yaliyolinganishwa na viwango vya grehaundi? Madaktari wengi wanajua, wachache wanahitaji kukumbushwa, na swali hilo halimvunjii mtu heshima. Asiagwe mbwa kwa sababu ya karatasi ya maabara wakati kitandani anajinyoosha na kudai matembezi yake.

Hatua ya 4: Hesabu siku

Daktari Alice Villalobos wa Marekani alitengeneza kipimo kinachotumiwa sana na wenzake, chenye mambo saba: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo unalipa alama 0 hadi 10, 10 ikiwa hali nzuri kabisa. Jumla ikizidi 35, maisha bado yana nafuu. Ni kipimo kizuri cha kutuliza ugomvi ndani ya nyumba, pale mama anaposema bado na baba anaposema imetosha. Kila mtu ajaze karatasi yake peke yake, kisha mzilinganishe.

Mimi naongeza kalenda ya ukutani. Kila jioni weka alama ya siku nzuri au mbaya. Moyo wa mlezi unasahau haraka. Leo akila kipande cha kuku unasahau alivyohema usiku kucha jana. Kalenda haisahau.

Hatua ya 5: Chagua siku na mahali

Madaktari wa mifugo wa huku wana usemi wao kwamba bora wiki moja mapema kuliko siku moja kuchelewa. Kwa saratani ya mfupa nakubaliana nao moja kwa moja. Kwa uzee wa kawaida, figo zinazochoka taratibu au kiuno dhaifu, nafasi ni pana zaidi na unaweza kusubiri kuona dawa zinafanya nini.

Tazama kalenda ya nchi pia. Wiki ya Novemba 5 Uingereza nzima inalipua fataki, na grehaundi wengi huzihofia mpaka wanajisaidia ndani. Krismasi kliniki zinafungwa na kubaki za dharura. Mbwa aliye ukingoni asivushwe kwenye siku hizo kwa sababu tu hatujathubutu kupiga simu.

Nyumbani au kliniki? Ukiweza kulipia daktari aje nyumbani, lipia. Sakafu za kliniki ni telezi, na grehaundi mwenye miguu mirefu husimama juu yake kwa hofu, hakai, halali. Kama ni kliniki, omba miadi ya kwanza asubuhi au ya mwisho jioni. Omba msubiri ndani ya gari mpaka chumba kiwe tayari, na chukua godoro lake au duveti nene pamoja na mkeka wa mpira wa kutandika chini. Saini fomu ya ridhaa na ulipe kabla. Hakuna kitu kizito kama kupanga foleni ya malipo huku umeshika kola isiyo na mbwa.

Uliza pia bima yako. Baadhi hulipa gharama ya sindano na kukataa ya kuchoma mwili, nyingine hazilipi chochote. Soma usiku mmoja kabla ya kuhitaji.

Hatua ya 6: Kusanya alivyokuwa

Mbwa wengi wa kuokotwa hawana siku ya kuzaliwa. Grehaundi wa mbio anayo, na ina maandishi. Ndani ya sikio ana alama ya wino ya herufi, na hao waliozaliwa Ireland, ambao ndio wengi kwenye viwanja vya Uingereza, huwa nazo masikio yote mawili. Kwa alama hiyo unaweza kupata jina lake la mbio, baba na mama yake, tarehe aliyozaliwa na mbio alizokimbia. Ipige picha ungali na muda, maana wino hufifia na sikio linalocheza halisomeki kwa simu. Ukipata matokeo ya mbio zake utaona alitokea kibanda cha kuanzia mbio namba ngapi, na kwa Uingereza namba ina rangi yake: 1 nyekundu, 2 bluu, 3 nyeupe, 4 nyeusi, 5 ya chungwa, 6 milia myeusi na myeupe. Familia nyingine hununua kitambaa cha rangi hiyo wakamfunikia nacho.

Ukitaka alama ya unyayo, ipige wiki kabla, akiwa na nguvu za kuudhika. Nywele zake ni fupi mno kukata shada. Jaribu za nyuma ya paja.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Chakula cha mwisho kiwe kidogo na akipendacho. Kuku wa kuchoma asiye na kitunguu wala mifupa anatosha. Kuna wanaompa chokoleti kwa kuwa "hakuna tena cha kuogopa". Mimi siafiki, kwa sababu akitapika au moyo ukimwenda mbio saa moja kabla, ndivyo mtakavyomkumbuka. Matembezi yawe ya kunusa tu. Mwache anuse nguzo ile ile kwa dakika kumi kama anataka. Kama ni baridi mvalishe koti, hana mafuta mwilini ya kumkinga.

Daktari kwa kawaida huanza na dawa ya kumtuliza, kisha huweka kanula, mrija mdogo wa kupitishia dawa, kwenye mshipa wa mguu wa mbele, baada ya kunyoa kijisehemu. Mishipa ya grehaundi ni mikubwa na huonekana wazi, moja ya sababu mbwa hawa hutumiwa sana kuchangia damu, kwa hiyo kuhangaika na sindano si jambo la kawaida kwao, isipokuwa mbwa mzee aliyekaukiwa maji. Omba dawa ya kutuliza ipewe muda wa kushika. Usikubali haraka.

Wengi wa grehaundi hushtuka wakiguswa usingizini, mabaki ya maisha ya kulala peke yao bandani. Weka mkono wako kabla dawa haijamchukua na usiuondoe, na ongea bila kunyamaza. Lugha aliyoizoea ndiyo hiyo hiyo. Kama ulikuwa unamwita kwa Kiswahili, mwite kwa Kiswahili mbele ya daktari bila haya.

Sindano ya mwisho ni pentobarbitali, dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa. Fahamu hupotea ndani ya sekunde chache na moyo husimama kwa dakika moja au mbili. Baadaye unaweza kuona kifua kikivuta pumzi mara moja mbili, misuli ikicheza, mkojo au choo kikitoka. Hayo si maumivu, ni mwili unaozima wenyewe. Macho hayafumbi. Mlezi wa grehaundi hapaswi kushtuka sana, amemwona miaka yote akilala macho wazi. Daktari atasikiliza moyo na kukuambia kuwa ameshakwenda. Subiri neno hilo.

Hatua ya 8: Mwili

Miguu ya grehaundi ni mirefu. Mwili huanza kukakamaa baada ya saa chache, kwa hiyo mkunje mapema kama alivyokuwa akilala amejikunja, miguu chini ya kifua na shingo imegeuka. Weka taulo chini ya mkia na nyingine chini ya mdomo. Kumbeba ni kazi ya watu wawili wenye duveti.

Kumzika bustanini inaruhusiwa Uingereza kama nyumba ni yako. Mpangaji aombe ruhusa ya mwenye nyumba. Chimba sentimita 60 kwenye udongo mzito na 90 kwenye udongo mwepesi, mbali na maji na mabomba. Kina hicho hakina uhusiano na heshima tu. Dawa ya mwisho hubaki mwilini, na mbweha au mbwa wa jirani akifukua na kula, inaweza kumuua.

Ukichagua kuchoma, uliza waziwazi kama atachomwa peke yake au pamoja na wengine. Majivu hurudishwa kwa yule wa peke yake tu. Uliza yatarudi lini na kwa chombo gani, na nani atakayepiga simu. Simu hiyo huja ukiwa kazini.

Hatua ya 9: Watoto, jamaa na mbwa aliyebaki

Mtoto mwambie amekufa. Ukimwambia amelazwa usingizi, ataogopa kulala au kupelekwa hospitali.

Jamaa wa nyumbani ni suala jingine. Ukimpigia shangazi Tanga kumwambia unamlilia mbwa, unaweza kuulizwa kama kweli wewe ni mzima. Mbwa kwake ni mlinzi wa nje, na kwa Waislamu wengi kuna habari za twahara ya nyumba zinazofanya kumkumbatia mbwa kuwa jambo gumu kulielewa. Simlaumu. Lakini huna haja ya kumpigia wiki ile. Mpigie aliyekuwa akimwona mbwa kwenye simu ya video na kumuulizia kwa jina. Blue Cross, shirika la hisani la wanyama la huku, wana huduma ya bure ya kusikiliza waliofiwa na wanyama, na ni watu wasiocheka. Kazini hakuna likizo ya msiba wa mnyama kisheria. Omba siku za likizo yako ya kawaida, sema sababu au usiseme.

Kama kuna mbwa mwingine nyumbani, mwache aunuse mwili. Grehaundi amekulia kundini, na anayebaki peke yake kwa mara ya kwanza anaweza kususa chakula au kulia usiku. Mpe ratiba ile ile, matembezi yale yale, na kitanda chake karibu na chako kwa muda. Kumletea mwenzake si lazima kuwe haraka, ila akikaa wiki kadhaa bila kula vizuri, mpeleke akapimwe kabla ya kudhani ni huzuni tu.

Hatua ya 10: Karatasi na vitu

Chipu ya mbwa imeandikishwa kwa jina lako. Wajulishe wenye kumbukumbu hiyo kwamba amekufa, ama sivyo barua za kukukumbusha zitaendelea kuja. Kliniki nayo ifute miadi ya chanjo. Shirika lililokupa mbwa lingependa kujua, na baadhi huhifadhi habari za magonjwa ili kuwaelekeza wanaochukua ndugu zake wa tumbo moja.

Makoti yake usiyatupe. Kifua kirefu na kiuno chembamba cha grehaundi havienei koti la mbwa wa kawaida, na mabanda ya waliostaafu huwa na uhaba kila kipupwe. Fua, kausha, peleka pamoja na kifunga mdomo chake na bakuli lenye kisimamio. Dawa zilizobaki, hasa za maumivu makali, rudisha kliniki. Zisiingie chooni wala kwenye pipa la taka.